Mechi ya Mia ya Nev Pascoe

Kila mwezi wa kumi, msimu ukishaisha na nyasi za uwanja zimeanza kusahau nani alizikanyaga, Rolf Haddow hushuka ngazi hadi chumba changu cha kufulia kuchukua mifuko ya taka. Ile mikubwa, myeusi. Mchezaji akiachwa hapa klabuni Korongo, kwenye mpira wetu wa Australia wa kushika kwa mikono na kupiga teke, hupewa mkono, biskuti mbili na mfuko mmoja. Hutia humo viatu vyake, taulo na picha ya mkewe, akatokea mlango wa nyuma penye mapipa. Gazeti linakuwa halijajua. Mchezaji mwenyewe yuko Bali anaungua jua na kujipongeza. Mimi nikishaihesabu mifuko, najua wanaondoka wangapi.

"Tisa," akasema Rolf mwaka ule.

"Tisa tu? Tumekuwa wa kumi na mbili, mwanangu. Mimi nilikuwekea kumi na sita. Na mmoja mpana zaidi, saizi yako."

Akacheka kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Ule mpana nikauning'iniza nyuma ya mlango, mbele ya macho yake.

Rolf ndiye mkuu wa orodha yetu ya wachezaji. Yeye huamua nani abaki, nani aende, na mwezi wa kumi na moja huamua tuchukue vijana gani siku ya kugawana. Siku hiyo vijana wa nchi nzima wenye miaka kumi na minane hupangwa kama keki mezani, na timu kumi na nane zinaingiza mkono kwa zamu, iliyoshika mkia ikianza. Kijana haulizwi. Anaweza kuwa amezaliwa ng'ambo ya barabara, akilala huku akisikia filimbi yetu, na bado akaishia Perth, saa nne kwa ndege, analia kwa simu na mama yake.

Kwa kawaida Rolf akipata mifuko huondoka. Siku ile alikaa juu ya kapu la soksi.

"Bi Thelma, vile vitabu vyako vya kufulia bado unavyo? Vya zamani?"

"Vya zamani gani?"

"Vya wakati wa Nev Pascoe."

Nikaacha kukunja. Jina hilo yeye hakuwa amelitamka mbele yangu kwa miaka ishirini na nane, na alikuwa na sababu.

Nev alikuwa beki wetu wa pembeni, jezi namba thelathini na moja, miguu myembamba na adabu nyingi. Hapa kuna desturi. Mtu akifikisha mechi mia, jina lake huandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye mlango wa kabati la namba yake, na halifutwi hata afe. Kila mwezi wa tatu watu wa mia hualikwa chakula cha mchana, wanavaa tai, wanatafuna kondoo na kudanganyana. Nev alikuwa na tisini na tisa na msimu ulibaki na mechi moja. Nilikuwa nimeshamshonea jezi yenye "100" ya uzi wa dhahabu chini ya ukosi. Mama yake alikuja kwa basi kutoka Broken Hill na keki ya matunda magotini, safari ya siku nzima.

Alhamisi akaja Rolf. Wakati huo alikuwa kijana wa chunusi na kalamu mpya.

"Toa hiyo mia, Bi Thelma. Nev hachezi. Jumatatu anachukua mfuko."

"Imebaki mechi moja, mtoto wewe! Mechi moja!"

"Mwakani hatumhitaji. Nafasi apewe kijana tumtazame. Hapa si kanisani, hatugawi baraka."

Nikafumua. Kijana aliyetazamwa aliuangusha mpira mara tatu na sasa anachimba mabwawa ya kuogelea Queensland. Nev alikuja kuniaga na mfuko wake begani, akasema asante kwa jezi safi miaka yote. Mama yake aliacha keki juu ya meza yangu kwa sababu hakutaka kurudi nayo. Tuliila, mimi na wenzangu wawili wa kufua. Ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe. Ile jezi sikuitoa. Niliikunja nikaiweka chini ya droo pamoja na matundu yake ya sindano.

Nev akaenda kazi ya kusoma mita za maji. Huingia nyua za watu, huinama, husoma namba, huandika, huondoka. Nadhani ndiyo kazi iliyomfaa zaidi duniani, maana mtu yule na namba hawakosani. Baa nzima ikimwita "mzee wa mia kasoro" kumfurahisha, yeye alikuwa na jibu moja.

"Tisini na tisa. Usinizidishie."

Alioa kwa kuchelewa, akampata mtoto mmoja, Brodie. Na Brodie, jamani! Mguu wa kushoto sawa na wa kulia, akiruka unafikiri kuna mtu amemwinua kwapani. Amelala chini ya blanketi la Korongo tangu akinyonya. Nchi nzima ilikuwa inamtaka, na sisi wa zamu ya saba tungeishia kuona mgongo wake. Isipokuwa kwa jambo moja. Kuna sheria ya baba na mwana. Baba akiwa amechezea klabu mechi mia, mwanawe ni wa klabu hiyo kwanza. Timu nyingine ikimtaja siku ya kugawana, sisi tunapewa dakika tatu kusema "ni wetu", tunatoa nafasi yetu ya kwanza, na inakuwa imekwisha.

Mechi mia. Si tisini na tisa.

"Aaa," nikamwambia Rolf. "Kumbe moja ina thamani!"

"Bi Thelma, usinicheke. Kamati imeniambia, kijana Pascoe au kiti changu."

"Mimi nicheke? Mimi mwanamke mzima? Hebu nisaidie kuoanisha soksi, huku nakutafutia kitabu."

Mkuu wa orodha, suti ya kijivu, akapiga magoti akaoanisha soksi jozi arobaini. Kitabu nilikuwa nimekikalia.

Alichokuwa anakitafuta kilikuwa hiki. Mwaka mmoja kabla Nev hajaachwa tulicheza ile mechi ya tope, bomba lilipopasuka chini ya uwanja na mvua nayo ikaongeza chake. Wachezaji walikuwa kama matofali mabichi, namba mgongoni hazisomeki, mke hamjui mume. Siku hiyo Nev alivaa akakaa benchi. Daftari la ligi linasema hakuingia, na asiyekanyaga nyasi hahesabiwi. Kamera za televisheni siku ile zilikuwa kwingine. Mwamuzi wa benchi alishakufa. Kocha wa wakati ule yuko nyumba ya wazee, anamwita mkewe kwa jina la farasi wake wa zamani. Kilichobaki ni kitabu changu, ambamo kila Jumatatu niliandika namba za jezi na kuweka msalaba kwenye iliyorudi na tope, ili niiloweke. Safi haiwekwi kitu.

Tukafungua. Ishirini na tisa, msalaba. Thelathini, msalaba. Thelathini na moja, patupu. Karatasi nyeupe kama yai.

Rolf akaitazama kwa muda.

"Sioni vizuri," akasema. "Miwani nimeiacha juu. Naifuata. Nitachukua kama dakika kumi."

Miwani ilikuwa kichwani mwake.

Alipotoka nilibaki na kitabu, na rafuni kulikuwa na chupa ile ile ya wino wa kutilia nguo alama, na kalamu ile ile yenye ncha iliyopinda. Sitasema nilishikwa mkono. Nilifikiri hivi: mtu huyu alimwibia Nev moja, leo anairudisha kwa magoti. Akilini nilimwona Nev na mwanawe kwenye korido moja ya makabati. Na, niseme kweli, niliona pia jinsi ninavyowazidi akili wote. Nikaweka msalaba. Mistari miwili midogo, hata mbu asingetosha hapo. Nikaupuliza ukakauka.

Rolf akarudi, miwani puani.

"Ehe," akasema. "Sasa naona."

Nilitegemea kwamba sasa atakwenda kwa Nev, na Nev aseme ndiyo au hapana. Mimi mjinga. Rolf hakwenda kwa Nev. Alikwenda kwenye mazoezi ya vijana, akamshika Brodie bega mbele ya wenzake, akamwambia, "Tumeipata mechi ya mia ya baba yako. Imo kwenye kitabu cha Bi Thelma. Wewe ni wetu, mwanangu." Kijana akakimbia hadi nyumbani na viatu vya kuchezea miguuni, kilomita mbili juu ya lami, anapiga kelele kama king'ora.

Kesho yake asubuhi Nev alikuja kwangu na kofia yake ya kazi mkononi.

"Mama, nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akainama kama anavyoinamia mita.

"Siku ile nilikaa benchi," akasema. "Robo zote nne za mchezo. Nilijifunika koti la mvua."

"Najua. Nilikufulia mimi. Ilikuwa ya kupiga pasi tu."

"Sasa huu msalaba?"

Nikaanza kukunja taulo.

"Mama, mita iliyochezewa naijua kwa kuigusa tu. Ufute."

"Wino wa nguo haufutiki, Nev. Ndiyo kazi yake."

"Basi nitawaambia mwenyewe."

"Waambie. Anza na Brodie."

Maneno hayo yalinitoka haraka, kama mate. Ningeweza kuyameza. Nev akaketi kwenye kapu lile lile la soksi, akaizungusha kofia yake mizunguko mingi.

"Jana hakula," akasema. "Alinikumbatia, akala hewa. Anasema, Baba, kwa nini hukuniambia? Nikasema nilisahau. Nilisahau, mama! Mtu anasahau mechi yake ya mia?"

"Kulikuwa na tope," nikamwambia. "Lilifunika kila kitu."

Akanitazama vile mtu anavyomtazama mbwa wake mwenyewe aliyemuuma.

Wakuu wa ligi wakaja watatu, tai za mistari, wakakaa chumba cha juu. Mimi nilipeleka chai na skonzi, na skonzi zikihitaji kukatwa mtu hawezi kuondoka upesi. Wakasoma kitabu changu kwa kioo cha kukuzia. Wakaniuliza kama ni mwandiko wangu. Nikasema ni wangu tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo lilikuwa kweli tupu. Kisha wakamgeukia Nev, wakamwapisha.

"Bwana Pascoe, uliingia lini?"

"Robo ya mwisho," akasema Nev. Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma namba. "Dakika nne."

"Ulifanya nini?"

Rolf akawa anasugua goti lake.

"Nilishika mpira mara moja," akasema Nev. "Nikaupoteza."

Wote watatu wakacheka, wale wakuu, wakaegemea viti. Mzee wao akafunga kitabu. Mwongo angejifungia goli, au sivyo? Mwongo hapotezi mpira. Walimwamini kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu hata katika kudanganya. Hakuweza kujiibia zaidi ya dakika nne.

Jumatatu fundi rangi akaja. Chini ya thelathini na moja akaandika N. PASCOE, na pembeni 100. Rolf akataka picha ya gazeti, akaniuliza kama kuna jezi ya zamani. Nikaitoa ile ya chini ya droo, nikaishona mia upya kwa uzi wa dhahabu, kupitia matundu yale yale. Sindano ilikuwa inaijua njia. Pichani Brodie amecheka meno yote, amemshika baba yake kiuno. Nev ameishika jezi mbali na kifua chake, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe akalowa.

Brodie akaanza kuja mazoezini kwetu kila siku. Ananishukia chini kula biskuti zangu.

"Bibi, baba alikuwaje zile dakika nne?"

"Mchafu."

"Alikimbia?"

"Tope lile! Nani alikimbia? Waliogelea."

Anacheka, ananipiga busu kipajini, anaondoka na biskuti tatu nyingine. Nilimshonea jezi. Thelathini na moja, jina juu yake. Nilitumia siku mbili kwa jezi ya saa moja.

Jumatano ya wiki ya kugawana, Rolf akashuka ngazi.

"Hiyo usiimalizie," akasema.

Kuna maneno mtu akiyasikia mara ya pili miguu huyatambua kabla ya masikio. Nilikaa.

"Nini?"

"Nyonga. Daktari wetu amempiga picha. Gegedu imeanza kulika. Miaka mitano, labda minne. Siwezi kupoteza nafasi yangu ya kwanza kwa nyonga."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Wala baba yake. Wala timu nyingine, na wewe utafunga mdomo. Wakijua hatumtaki watauliza kwa nini. Acha Perth wamtaje wa tatu, sisi tunyamaze, na yule kiungo wa Bendigo nimtakaye atatufikia."

"Mtamwacha asikie pale pale? Mbele ya watu?"

"Ni dakika tatu tu, Bi Thelma."

"Ee Rolf. Mama yako alikuzaa, au alikutoa kwenye kopo?"

"Alinizaa," akasema, na akachukua biskuti.

Sasa utasema, Thelma, ulikuwa na siku mbili nzima na simu ukutani. Ndiyo. Nilikuwa nazo. Niliinua simu mara mbili. Lakini kumwambia Nev kwamba mwanawe hatakiwi ilikuwa pia kumwambia kwamba mia yake haina kazi tena, na mia ile mkono wangu ndio ulioiweka. Nikairudisha simu mahali pake. Nikapiga pasi taulo.

Ijumaa jioni ukumbi wetu wa jamii ulijaa. Televisheni kubwa, pai za nyama, sosi ya nyanya hadi kwenye mazulia. Nev alivaa tai. Mkewe Glenys alifuma skafu ya rangi zetu, akaificha ndani ya pochi amvalishe Brodie likitajwa jina. Rolf na watu wake walikuwa kwenye meza ya pembeni na simu yao ya ligi, wanaonekana na wote.

Wa kwanza akatajwa, kijana wa Tasmania. Wa pili, mrefu wa Adelaide. Kisha zamu ya Perth, na yule bwana wa jukwaani akasoma, "Brodie Pascoe."

Ukumbi ukalipuka. Watu walijua mambo yanavyokwenda: Perth wametaja, sasa sisi tunasema ni wetu. Glenys akaitoa skafu. Saa ikaanza kuhesabu kwenye kona ya televisheni, dakika tatu kurudi nyuma.

"Sema basi, Rolf!" mtu akapiga kelele. "Usituue kwa raha!"

Rolf akamimina maji kwenye glasi.

Dakika ya kwanza ilikuwa ya vicheko. Walifikiri anatania. Hata Brodie alimwonyesha kidole, "Mzee, acha hizo!" Dakika ya pili vicheko vikaanza kupungua kutoka nyuma kuja mbele. Rolf akapanga karatasi zake, kingo kwa kingo. Akanywa maji. Dakika ya tatu hakuna aliyetafuna. Nilisikia friji ya bia ikinguruma. Glenys alikuwa bado ameishika skafu kwa mikono miwili, imenyooka, kama mtu anayempimia mwingine kamba. Nev hakumtazama Rolf. Aliitazama saa, anasoma namba zikishuka hadi sufuri.

"Perth," akasema yule bwana wa jukwaani.

Brodie alifundishwa vizuri. Kamera ilipomgeukia alitabasamu, akasema ni heshima kubwa na kwamba amekuwa akitamani kuiona pwani ya magharibi. Glenys akaisukuma skafu chini ya kiti kwa kisigino.

Nev akaja meza ya pembeni. Mimi nilikuwa hapo nakusanya vikombe, tena polepole.

"Rolf," akasema. "Futa mia yangu."

"Nev, kaa. Kula pai."

"Sikuitaka. Niliikubali kwa ajili ya mtoto. Mtoto humtaki. Nirudishie tisini na tisa yangu."

Rolf akaweka mkono juu ya bega lake. Mkono uleule, bega la aina ileile kama la mwanawe.

"Ukifuta wewe, ligi itauliza ilikuwaje. Watamwita huyu bibi. Watakuita wewe uliyeapa. Halafu watamwita kijana, siku yake ya kwanza kazini, wamuulize alijua nini. Perth watapenda hilo? Magazeti?" Akamgongagonga kidogo. "Umefikisha mia, rafiki yangu. Mwezi wa tatu tuna chakula cha mchana. Nunua tai nzuri zaidi ya hiyo."

Nilitegemea Nev ampige. Nilikuwa nimeishika birika tayari, nimsaidie. Hakupiga. Akageuka kunitazama mimi, si Rolf, akasema taratibu:

"Haufutiki, sivyo?"

"Haufutiki, mwanangu."

Hiyo ilikuwa miaka mitatu nyuma. Ningependa kuwaambia Rolf alipata haki yake. Yule kiungo wa Bendigo ametokea kuwa dhahabu, na Rolf kaongezewa miaka ya mkataba. Ule mfuko mpana bado unaning'inia, umeanza kutoboka. Nyonga ya Brodie nayo haina habari na daktari wetu. Kacheza mechi sitini na moja huko Perth, na anaongea kwa mkato wa kule.

Kila mwezi wa tatu Nev huja kwenye chakula cha watu wa mia. Hakosi. Rolf humpigia simu wiki moja kabla kuhakikisha. Kondoo akishaliwa na divai imezunguka, Rolf hugonga glasi kwa kijiko.

"Nev! Tupe zile dakika nne!"

Na Nev husimama. Mwaka wa kwanza alisema alishika mpira akaupoteza, akakaa. Mwaka wa pili walimzomea kwa utani, "Ongeza chumvi, mzee!", akaongeza kwamba kulikuwa na mtu wa kumkaba, mwenye ndevu. Mwaka huu Perth walikuja kucheza nasi, na Brodie akaruhusiwa kuingia ukumbini akae ubavuni kwa baba yake. Nilikuwa napitisha mchuzi.

"Dakika nne!" akasema Rolf, na kijiko chake.

Nev akasimama. Akamtazama mwanawe. Safari hii ndevu zilikuwepo, na mvua ya mawe, na mpira ulimjia juu akaushika kwa mkono mmoja, akapoteza, akaufuata, akaupata tena, akapiga teke. Watu walikuwa wanagonga meza. Uso wake ulikuwa mweupe kama ile karatasi kabla ya msalaba.

"Ukaingia?" akauliza Brodie. "Baba! Ulifunga?"

Rolf alikuwa anatabasamu, kidevu juu ya ngumi, kama mtu aliyekaa siti ya mbele.

"Ulipita pembeni," akasema Nev. "Kidogo tu."

"Mwaka jana hukusema uliupata tena." Brodie alikuwa anacheka, hana neno. Akanigeukia. "Bibi, wewe ulikuwepo. Kweli?"

Nikashusha bakuli la mchuzi. Nev alikuwa amesimama bado, vidole mezani, ananisubiri. Sijui alitaka niseme nini. Nilimtazama nikatafuta, na sikuona.

"Nilifua jezi yake," nikasema. "Tope hadi kwapani. Niliiloweka siku mbili."

Wakapiga makofi. Brodie akampiga baba yake mgongoni. Nev akakaa.

Walipotoka kwenda uwanjani, yeye alibaki nyuma kwenye korido ya makabati. Mimi nilikuwa nashuka na vitambaa vya meza. Alisimama mbele ya thelathini na moja, akainama kidogo kama kazini, akaisoma. Kisha akaigusa ile mia kwa kidole gumba, akakigeuza kidole kukitazama: safi, rangi haikutoka.

"Mchezo unaanza, Nev," nikamwambia.

"Nenda, mama," akasema. "Nenda tu."